Siku Mjukuu Wangu Alipokimbia Tunduma

Mbuzi nilimchinja mwenyewe. Wanaume wa kamati walikuwa wanagombana na mafundi wa televisheni kuhusu waya za umeme, jua linapanda, watu wa mchezo wa Pasaka wanataka kula, na mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya goli analia kama mtoto aliyesahauliwa. Nikamlaza, nikaweka goti ubavuni, nikakata. Damu niliikinga kwenye beseni, nikatia chumvi, nikaikoroga kwa kijiti isigande.

Mwenzangu, mjane jirani yangu niliyekuja naye kutoka kijijini kwetu Ihanda, akaniuliza, "Hiyo damu ni ya kupika?"

"Ni ya kuvaa," nikamwambia.

Ilikuwa ya kumpaka mjukuu wangu.

Mchezo wenyewe ni wa Wazungu, wa zamani, wa wakati mimi bado nina meno yote. Unasimulia siku za mwisho za Bwana, lakini hakuna anayeongea. Wanaimba tu tangu mwanzo mpaka msalabani, na vyombo vyao si vile vya ibada. Ni magitaa ya umeme yanayonguruma kama lori likipanda mlima, na ngoma zinazopigwa kwa mikono na miguu na mtu mmoja aliyekaa katikati yake kama amezingirwa. Mwalimu wa kwaya, kijana msomi aliyetoka Dar es Salaam, aliugeuza Kiswahili. Akakusanya kwaya za vijana za Tunduma na Mbozi, wakafanya mazoezi tangu Krismasi ipite, na televisheni moja ndogo ikakubali kuuonyesha Jumamosi ya kabla ya Pasaka. Mubashara, wakasema. Kinachotokea uwanjani ndicho kinachoonekana majumbani palepale, hakuna kufuta, hakuna kurudia. Neno hilo tulilisikia mpaka likatukinaisha.

Mjukuu wangu nimemlea tangu ananyonya kidole. Mama yake, binti yangu, alivuka mpaka akaolewa Nakonde, upande wa Zambia, akaniachia mtoto na sufuria mbili. Sauti yake huyu mtoto aliipata kwa ng'ombe. Alikuwa anasimama upande huu wa bonde akiwaita walioko upande wa pili, na ng'ombe wanainua vichwa, na wanawake walioko mtoni nao wanainua vichwa. Nasema hivi bila aibu: hakuna mtoto wa mtu yeyote Ihanda mwenye sauti ile. Kama yupo, aje aimbe hapa mlangoni kwangu nimsikie.

Siku aliyopewa nafasi kwenye mchezo nilikuwa napepeta maharage uani.

"Mke wangu, nimepata."

Ndivyo anavyoniita tangu alipojua kuongea, nami humwita mume wangu, na humtishia talaka asipokata kuni.

"Umepata nini? Mke mwenzangu?"

"Nafasi. Mimi ndiye yule mnyang'anyi aliyefunguliwa, Bwana akauawa badala yake."

Ungo ulinitoka mkononi. "Mnyang'anyi! Nimekunywesha maziwa ya ng'ombe wangu miaka yote ukawe mnyang'anyi mbele ya nchi nzima? Hawakuona sura ya mtume humo usoni?"

"Mitume ni wengi, Bibi, wanaimba pamoja kama vyura. Mnyang'anyi ana wimbo wake peke yake."

Hapo nikaokota maharage yangu. "Haya, niimbie."

"Siimbi. Utausikia siku yenyewe kama watu wengine."

"Mimi ni watu wengine?"

"Siku hiyo, ndiyo. Nataka nikuone unalia bila kujiandaa."

Na kweli alininyima. Alikwenda kuufanyia mazoezi mwisho wa shamba la kahawa, na nikijifanya napita na jembe ananyamaza, ananiangalia tu anacheka. Wimbo huo niliutamani kama mwenye mimba anavyotamani udongo. Niliambulia habari yake tu. Mnyang'anyi akishafunguliwa anakimbia. Anapita katikati ya watazamaji, anatoka geti kubwa, anazunguka ukuta wa uwanja kwa upande wa barabara, anaingia mlango mdogo ulio nyuma ya jukwaa. Akifika, Bwana ameshatundikwa. Anakaa chini ya msalaba, anaimba.

Hayo ya kukimbia barabarani hayamo kwenye mchezo wa Wazungu. Mwalimu aliyabuni mwenyewe. Alitaka watu wa nyumbani wamwone mnyang'anyi akipita mjini kwetu, katikati ya malori yetu, na mpiga picha akimfuata kwa pikipiki.

Ni wazo zuri, isipokuwa Tunduma watu hawakimbii. Anayeishi pale hafundishwi hilo, analijua. Wabadilisha fedha wamesimama na mabunda ya kwacha mikononi, madereva wamelala kwenye malori yaliyopanga foleni mpaka Mpemba, mizigo iko nje, na wezi wapo kila siku. Basi anayekimbia ni mwizi, haulizwi. Hata anayechelewa gari anatembea haraka mkono juu, anatabasamu, aonekane uso. Mimi mwenyewe niliwahi kushuka Mpemba kununua chumvi ya ng'ombe, nikakuta kitu kinafuka moshi kando ya barabara na watu wanakizunguka kwenda zao. Nikadhani ni gogo. Gogo halina viatu.

Wale vijana wa Tunduma waliokuwa kwenye kwaya walilijua hilo kama ninavyolijua mimi. Lakini mazoezi ya kukimbia walifanya Jumapili asubuhi, barabara nyeupe haina mtu, mjukuu wangu amevaa suruali safi na fulana ya kwaya. Hakuna aliyemgusa. Kila mtu akaona ni sawa, nami nikaona ni sawa.

Siku yenyewe nilimpaka kwa mkono wangu. Mashavuni, kifuani, mgongoni, kwenye nywele. Alikuwa amevaa gunia lililochanwa, na kwenye kifundo cha mkono nilimfungia kamba yangu ya ng'ombe, ili wakiikata jukwaani kipande kibaki kinaning'inia, kwamba ametoka kifungoni.

"Bibi, inanuka."

"Wanyang'anyi hawanukii marashi. Simama vizuri."

"Ukilia usijifiche kwenye kitenge. Nataka kukuona."

"Nenda zako. Ukikosea kuimba sikujui, nitasema wewe ni mtoto wa huyu jirani."

Jirani akacheka, akasema yeye hana bahati hiyo.

Tulikaa mbele kabisa. Pembeni ya jukwaa palikuwa na kioo kikubwa kama ukuta wa nyumba, kinaonyesha kilekile walichokiona watu wa majumbani. Spika walizifunga ndani na nyingine juu ya ukuta, zimeelekezwa barabarani, wapita njia nao wapate neno. Jua lilikuwa bado lipo. Magitaa yakaanza, na kifua changu kikatetemeka kama bati kwenye upepo.

Sitasimulia yote. Nasimulia viboko. Walimvua Bwana, wakamfunga kwenye nguzo, na askari wawili wenye mijeledi wakaanza. Kila mjeledi ulipotua, ngoma ilipiga papo hapo, pa, na gitaa linapiga ukelele, pa, na yule kijana anajikunja, pa. Wanawake wakapiga mayowe. Mzee mmoja alisimama na bakora yake anataka kupanda jukwaani awapige askari, wakamkalisha. Jirani yangu alinishika mkono akanichubua kwa kucha.

Mimi sikulia. Ilikuwa nzuri, lakini mlio ulikuwa mzuri mno. Marehemu mume wangu alikuwa na mkono mwepesi, mpaka siku nilipomvunja vidole kwa mchi wa kinu, na tangu hapo tukaishi kwa adabu. Kwa hiyo mlio wa kipigo naujua. Kipigo cha kweli hakisubiri ngoma.

Kisha wakaletwa wawili, Bwana na mjukuu wangu, na mtawala akauliza amfungue yupi. Kwaya yote ikasimama ikaimba kwa nguvu, "Auawe! Auawe!" Vijana zaidi ya mia, magitaa yanakwaruza, na spika zinapeleka sauti hiyo barabarani mpaka kwenye foleni ya malori. "Auawe!" Wakakata kamba. Mjukuu wangu akaitazama mikono yake kama si yake. Akaruka chini ya jukwaa, akakimbia, akapita karibu yangu kiasi kwamba niliisikia harufu ya yule mbuzi, akatoka geti kubwa huku anaangalia nyuma. Ndivyo alivyofundishwa, aangalie nyuma.

Tukageukia kioo. Pale anakimbia, miguu mirefu, damu inang'aa, kamba inarukaruka. Malori huku na huku. Watu wanageuza vichwa. Nikamwambia jirani, "Mwangalie! Mwangalie mume wangu!"

Pikipiki moja ikamkatia mbele. Akaikwepa. Mguu wa mtu ukatokea pembeni, akaanguka kifudifudi kwenye tope.

"Aaah!" uwanja mzima ukashangilia. Wakapiga makofi.

"Mjukuu wako anajua kuanguka!" jirani akaniambia.

Nami nikavimba kichwa. Nakiri nilivimba. Wakatokea watu wengine, mmoja ameshika helmeti, mmoja ubao wa kreti, wengine sikuona wameshika nini, wakaanza. Watu wanashangilia. Jukwaani ngoma ilikuwa imeshika mwendo wa kupigilia misumari: duu, kimya, duu. Lakini kwenye kioo vipigo vilikuwa vinaanguka hovyo, viwili pamoja, kimoja, vitatu, kama maharage yanapopurwa na walevi.

Havikufuata ngoma.

"Wale si wa mchezo," nikasema.

"Ni nani basi?"

"Ni watu."

Niliinuka. Mimi ni mzito, goti langu moja ni la kubembeleza, lakini siku ile nilikanyaga miguu ya watu wakubwa na wadogo sikuomba radhi. Getini kijana wa ulinzi akatandaza mikono. "Bibi, rudi ukae, tuko mubashara." Nilimpiga kiwiko cha tumbo akakaa yeye.

Nje walikuwa wameshamzunguka. Sikumwona, niliona migongo tu, na mikono ikipanda na kushuka. Nilimsikia.

"Ni mchezo! Jamani, ni mchezo!"

"Mchezo eeh? Leo utaujua mchezo!"

"Hii damu ya nani? Umemuua nani wewe? Sema!"

"Ya mbuzi! Ni damu ya mbuzi!"

Wakacheka. Walicheka kweli, kama watu wa kilabuni. "Mwizi wa mifugo! Oya, amekiri, ni mwizi wa mifugo!" Na ubao ukashuka, nikasikia kitu kinavunjika ambacho hakikuwa mbao.

Mwanamke mmoja wa upande wa pili wa mpaka, mwenye kapu la samaki wakavu kichwani, alikuwa amesimama pembeni anapiga kelele peke yake, "Bamayo! Bamayo!", yaani mama yangu, mama yangu. Ndiye pekee aliyekuwa analia. Na mpiga picha, yule aliyetumwa amfuate, alikuwa juu ya pikipiki yake, jicho moja amefumba, jingine kwenye kamera, anazunguka taratibu apate picha nzuri.

Mmoja alikuwa anaviringisha tairi kutoka kwa fundi wa pancha. Mwingine, kijana wa bodaboda mwenye koti jekundu, alikuwa ameinama kwenye tangi la pikipiki yake anakinga petroli kwa chupa ya maji.

Nilipita katikati yao kwa kichwa, kama ng'ombe. Nikamwangukia mjukuu wangu nikamfunika. Mdomo wake ulikuwa hauna umbo. Damu ya mbuzi na damu yake zilikuwa zimechanganyika sikujua ipi ni ipi, ila yake ilikuwa ya moto.

"Bibi toka hapo, utaumia!"

"Huyu ni wangu! Ni mjukuu wangu!"

"Kila mwizi ana bibi yake. Mtoeni huyo!"

Wakanivuta miguu. Nikashika lile gunia. Fimbo ikanishukia mgongoni, sijui ilikuwa yangu au yake, nikaona nyota mchana. Nikasikia harufu ya petroli karibu na uso. Spika juu ya ukuta zinaimba, duu, kimya, duu. Hapo nikaelewa kwamba maneno yameisha. Ningesema mchezo, kwaya, kanisa, yeye alishayasema yote hayo na yakamwongezea kipigo.

Nikasimama.

Nikavua kitambaa cha kichwa, nikakitupa topeni. Nikavua blauzi yangu ya kwaya ya akina mama, nikaitupa. Matiti yangu yaliyonyonyesha wanane, watatu wako kaburini, nikayashika kwa mikono miwili nikawaelekezea. Halafu nikashika fundo la kitenge kiunoni.

"Njooni," nikawaambia. "Njooni mmalizie. Ila mtaniona kwanza mahali mlikotokea. Nikilifungua hili fundo, kila aliyeniona hatazaa, na aliyezaa atazika. Nani ananiangalia? Wewe wa koti jekundu, unaniangalia? Nyanyua uso!"

Kwetu huko juu Mbozi hakuna mwanamume asiyejua maana ya jambo hilo. Mwanamke aliyezaa akijivua kwa hasira mbele ya vijana, haombi huruma. Anawaachia kitu ambacho sabuni haikitoi. Tunduma ni mji wa watu wa kila mahali, Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, wa Dar, wa Kongo, na nilikuwa sijui kama wataelewa. Walielewa. Kila mmoja wao ana bibi mahali fulani.

Waligeuza nyuso kama wamepigwa kofi moja kwa pamoja. Ubao ukaanguka. Mmoja akajifunika macho kwa helmeti. Wengine walikimbia, na hakuna aliyewaita wezi. Yule wa koti jekundu alibaki palepale, chupa inamwagikia viatu, analia kama mtoto. "Bibi, funga. Bibi, nakuomba, usifungue. Mama yangu ni mjamzito, Bibi, funga."

"Weka chupa chini."

Akaiweka.

"Vua koti."

Akalivua. Nikamfunika nalo mjukuu wangu.

Mpiga picha alikuwa bado anapiga. Nilimwendea vilevile kifua wazi, nikamzaba kibao mpaka kamera ikaangalia mbinguni. "Nilidhani ndivyo ilivyopangwa," akasema. Nadhani alisema kweli. Sikujuta.

Yule mama wa samaki alinivisha kitenge chake mabegani. Nikakaa topeni, nikampakata mjukuu wangu kichwa. Alikuwa hai. Jicho moja lilikuwa limefunga, jingine linanitafuta.

Na wakati huo gitaa likabadilika.

Ngurumo ziliisha. Likabaki gitaa moja, taratibu, linapiga vinota vichache, linarudia. Vilevile, linarudia tena. Mjukuu wangu akaanza kuhangaika mikononi mwangu, anakaza mkono uliobaki mzima anataka kujiinua. Akanivuta sikio. Maneno yalitoka yamevunjika vipandevipande, lakini niliyaelewa: "Bibi, zamu yangu."

Ule ndio ulikuwa wimbo wake. Walikuwa wanamsubiri aingie mlango mdogo. Bwana ametundikwa, watu wamenyamaza, televisheni iko hewani, na mpiga gitaa anazunguka palepale anamwita, na anamwita, na yeye yuko nyuma ya ukuta na mimi nimemshika.

"Tulia," nikamwambia. "Tulia, mume wangu."

Alifungua mdomo. Yakatoka mapovu mekundu na jino. Gitaa likarudia tena, na tena, mpaka likachoka, likaenda kwenye wimbo mwingine. Ndipo nilipolia. Hata hivyo hakuniona, alikuwa ameshazimia.

Hospitali walimfunga taya, mkono ukafungwa hogo la plasta, mbavu wakaziacha zijishone. Polisi waliuliza, na barabara nzima haikuona kitu. Nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje, simu ya jirani ikalia. Binti yangu, kutoka Nakonde.

"Mama! Nimewaona kwenye simu ya mwenye nyumba! Kumbe na wewe umo kwenye mchezo, hukusema! Mwanangu ameigiza, mama, alivyopigwa pale nimelia mpaka majirani wamekuja. Ila kile cha kuvua nguo, wazee wa kanisa wamekubali kweli?"

Nilimrudishia jirani simu yake. Akasogea nayo pembeni, nikamsikia anaongea polepole, kisha nikamsikia binti yangu bila simu, ingawa yuko nchi nyingine.

Wazee wa kanisa hawakukubali. Waliniita. Walikaa mstari, wamekunja mikono.

"Mama, televisheni imeonyesha mambo."

"Ilionyesha Bwana anavuliwa nguo, mkapiga makofi. Ilionyesha mjukuu wangu anapondwa, mkapiga makofi. Kwangu mkafumba macho. Mlifumba kweli?"

Mmoja akakohoa. Wakaniambia niende, tutaombeana.

Wapo waliosema kosa ni langu, nisingempaka damu ya kweli, wangejua ni mchezo. Jirani yangu mwenyewe alilisema hilo, tukiwa tunachambua mahindi. Nikamjibu kama ninavyowajibu nyote: nilipaka damu, ndiyo. Damu haina mikono.

Kijana wa koti jekundu alikuja Ihanda na wakubwa wa kijiwe chake. Walileta mbuzi, ndivyo inavyofanyika mtu akimwaga damu ya mwenzake. Walikaa chini, wakaongea maneno yote yanayotakiwa kuongewa. Niliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwambia yule kijana ashike miguu ya mbuzi, na nikachinja nikimtazama usoni, polepole kuliko inavyohitajika. Alitetemeka mpaka mbuzi akaonekana ametulia kuliko yeye. Supu tulimpa mjukuu wangu kwa mrija, kwa kuwa taya lilikuwa bado limefungwa. Alipofika nusu alimwangalia yule kijana muda mrefu, akamsogezea bakuli. Mimi nisingemsogezea.

"Mama yako alijifungua?" nikamuuliza.

"Ndiyo, Bibi. Wa kike. Mzima."

"Basi ana bahati nililishika fundo."

Taya lilifunguliwa kahawa ilipoanza kuiva. Limeungana upande, meno ya mbele hayapo, na akitamka baadhi ya maneno hewa inapiga mluzi. Sauti niliisubiri. Aliongea na ng'ombe akiwa karibu nao, hakuwaita kuvuka bonde. Kitu kingine sikukigundua mara moja, jirani ndiye aliyeniambia: hakimbii. Ng'ombe akiingia kwenye mahindi ya watu, anamfuata kwa kutembea. Gari likiwa linaondoka, anatembea, linamwacha.

Mwalimu wa kwaya alikuja na zawadi ya sukari na macho chini. Akasema wanataka kuurudia mchezo Pasaka ijayo. "Ukuta wote tutauzungushia walinzi, Bibi. Nimejifunza."

"Hujajifunza," nikamwambia. "Mnyang'anyi atakuwa ameketi tangu mwanzo. Hakimbizwi na mtu."

Mjukuu wangu alikuwa mlangoni. "Sijasema kama nitaimba," akasema, na mluzi wake.

Mwalimu akaondoka bila jibu, nami sikuuliza. Unaweza kumlazimisha mtu kula, lakini si kuimba.

Ilikuwa kahawa ya mwisho kabisa, imeanikwa kwenye vichanja, mwezi ule ambao mvua ya kwanza huja bila hodi. Nilikuwa jikoni. Nikasikia bati linapigwa, tone, tone, nikaruka nje napiga kelele, "Kahawa! Kahawa inalowa!" Yeye alikuwa mwisho wa shamba, ameshika ile nailoni kubwa ya kufunikia. Nikamwona anakuja. Anatembea. Mvua inamshukia, kazi yetu ya mwaka mzima iko wazi, na yeye anatembea kama anayekwenda kanisani mapema.

Nilifungua mdomo nimtukane. Nikamsikia.

Alikuwa anaimba. Taratibu, vilevile gitaa lilivyokuwa linamwita. "Nani huyo pale juu, mahali pangu? Nani kalala kitandani kwangu, ameniachia asubuhi?" Mluzi unaingia katikati ya maneno, sauti imepungua juu, chini imekuwa nzito kama ya mtu mzima. Hakunitazama. Sijui kama alijua nimesimama pale.

Sikujiandaa.

Kahawa ilikuwa inalowa. Nikakunja kitenge, nikakimbia mimi, na goti langu hilo, nikamnyang'anya nailoni mkononi nikaenda kufunika, na yeye nyuma yangu anatembea na anaimba.